Ma Koletha Alipokosa Siku Zake

Katika miaka yangu yote ya ukunga, sijamwona mtu anayehesabu siku za mwanamke kwa uangalifu kama mume mwenye wivu. Mwanamke mwenyewe atasahau. Ana migomba ya kupalilia, ana kuni, ana watoto, ana jirani aliyefiwa. Ukimwuliza mara ya mwisho aliona siku zake lini, ataanza kutafuta kwa kutaja mavuno na sikukuu za kanisa. Mume mwenye wivu hatafuti, anajua. Mwanamume akija zahanati akakutajia siku za mkewe kabla hujamwuliza, binti yangu, vuta kiti ukae, maana huyo hakuja kwa ajili ya afya.

Nawaandikia nyinyi wasichana mnaoanza kazi, na vijana wa kiume pia, kwa kuwa siku hizi nanyi mnazalisha, tena vizuri. Mjukuu wangu anasomea uuguzi Bukoba mjini. Juzi alikuja Izigo kunisalimia, akaniambia kwamba mama wa miaka arobaini na kitu akikosa siku zake, wao wanampa kikopo, anakwenda kukojoa, wanachovya kijiti. Mistari ikitoka wanampongeza. Isipotoka wanamwambia, "Ni umri tu, mama," naye anaondoka.

Nikamwuliza, "Anaondoka kwenda wapi?"

"Nyumbani, bibi."

"Haya, kaa chini nikusimulie habari za nyumbani."

Kwanza hilo neno, "ni umri tu". Mimi nilikatazwa kulitamka. Nilisomea ukunga katika hospitali ya misheni wakati bendera ya Uhuru ingali mpya, na aliyenifundisha alikuwa Sista Notburga, mzungu mfupi mwenye mikono mikubwa kama ya mpasua mbao. Kihaya alikisema kwa lafudhi ya kuchekesha, lakini alikisema. Kila kundi jipya la wanafunzi lilipoingia, alianza kwa kutusimulia kosa lake mwenyewe. Mama mmoja wa Kitendaguro, mwenye wajukuu, alimwendea akasema damu imekatika miezi kadhaa. Sista akaziangalia zile mvi, hakumgusa hata tumboni, akasema, "Ni umri tu, Mama, nenda kapumzike." Mama akaenda kupumzika. Siku moja akarudi na kitu mgongoni, amekifunika kanga.

"Sista," akasema, "nimekuletea ule umri wako. Unanyonya sana."

Sista alipofika hapo alikuwa anacheka mpaka kilemba chake kinahama, kisha anakasirika ghafla na kutupigia meza. "Mkono kwanza! Mdomo baadaye!" Maana yake: mshike mgonjwa kwanza, ndipo useme. Mwanamke anayekaribia kukoma, siku zake zinaweza kukosekana mwezi huu, zikaja mwezi ujao kwa fujo, zikapotea tena, zikarudi kidogo tu kama mtu aliyesahau mwavuli. Na katikati ya hayo yote anaweza kushika mimba vilevile. Usiseme zimekoma mpaka amekaa mwaka mzima bila hata tone. Na akishakaa mwaka huo, kisha damu ikarudi, hapo usicheke naye, usimpe vidonge, mpeleke hospitali upesi.

Hayo ni ya tumboni. Ya nyumbani Sista hakutufundisha, naye atayajua wapi, masista hawana wanaume wa kuwahesabia siku. Hayo nilifundishwa na Ma Koletha na mumewe, Ta Laurenti. (Nyinyi mliotoka mikoa mingine mjue kwamba kwetu mwanamume mwenye heshima zake ni Ta, na mwanamke ni Ma.)

Ilikuwa enzi za ujamaa. Huku kwetu hatukuhamishwa sana kama watu wa kwingine, kwa sababu kibanja cha migomba utakihamishia wapi? Tuliambiwa tu kwamba sasa sisi ni kijiji, tukawa kijiji. Tulikuwa na shamba la pamoja, tulikuwa na zahanati tuliyoijenga kwa mawe tuliyobeba vichwani, na mimi nikaletwa kuwa nesi wake. Tena tulikuwa na darasa la watu wazima. Kila alasiri, baada ya watoto kutoka shule, mama zao waliingia madawati yaleyale, magoti yakigonga mbao, wakasoma a, e, i, o, u. Mwalimu wao alikuwa kijana kutoka mjini, Mwalimu Faustini, mwembamba, mwenye shati la mikono mirefu hata jua likiwa kali. Hakuwa mzuri wa sura, nawaambia kweli. Lakini alikuwa na adabu moja mbaya sana: mwanamke akisema jambo, alinyamaza akamsikiliza mpaka mwisho.

Ma Koletha alikuwa nyota ya darasa lile. Alizaliwa Maruku, akaolewa kwetu, akazaa watoto sita, na kitinda mimba wao alikuwa karibu kumaliza shule ya msingi. Mumewe, Ta Laurenti, alikuwa mkulima mzuri wa kahawa na balozi wa nyumba kumi, mwenye sauti nzito iliyojaza kanisa wakati wa kuimba. Kusoma hakujua. Alitia dole gumba kwenye kila kitu, akilifuta wino upesi kwenye suruali kana kwamba ameshika kinyesi. Darasani hakwenda, balozi ataonekanaje amekaa kwenye dawati akisoma "baba analima"? Basi jioni Ma Koletha alikuwa akikunjua gazeti lililofungiwa sukari, anasoma kwa sauti ya chini, anacheka. Na Ta Laurenti amekaa palepale, hajui mkewe anacheka nini. Mimi ninasema wivu ule ulizaliwa hapo, kwenye karatasi ya sukari. Siku zilizokosekana ziliupatia tu chakula.

Ma Koletha alikuja kwangu asubuhi moja akisema sikio linamuuma. Nikaliangalia, sikio zima. Hili nalo mlishike: mwanamke wa rika lile haji amebeba shida yake wazi. Ataileta imefungwa ndani ya sikio, au ndani ya goti. Msimpe dawa ya sikio mkamruhusu.

"Ma Koletha, sikio halina kitu."

"Najua, nesi." Akageuka kutazama mlango. "Funga."

Nikafunga.

"Sijaenda mwezini tangu kahawa zianze kuiva. Nikasema labda ni kazi. Zimechumwa, zimeanikwa, zimeuzwa, bado."

"Na mengine?"

"Joto. Linaanzia hapa," akashika kifua, "linapanda mpaka utosini, kama mtu aliyefunuliwa chungu usoni. Usiku nalowa. Natoka nje nasimama kwenye migomba mpaka lipite, ndipo narudi kulala. Na hasira, nesi! Jana nimemtupia kuku mwiko."

"Ulimpata?"

"Nilimpata."

Tukacheka wote wawili. Kisha nikamlaza kitandani, mkono kwanza kama nilivyofunzwa. Mfuko wa uzazi ulikuwa mdogo, umetulia mahali pake, wala haukuwa na dalili ya kubeba kitu. Nikamwambia ninavyoona mimi hana mimba, ni mwili unaanza kufunga kazi ya uzazi, ila arudi mwezi ujao nimshike tena ili tuwe na hakika. Nilitegemea ashukuru. Badala yake akakaa ukingoni mwa kitanda akaanza kulia.

"Mawe!" akaita kwa Kihaya, yaani mama yangu. "Sasa nitamwambia nini? Ungesema nina mimba ningejua la kumwambia. Huyu mtu anajua kwamba siku zangu hazijaja. Anajua kwamba usiku natoka. Anajua kwamba akinigusa nasema niache, nina joto. Ameyaunganisha yote, nesi. Amepata mtu mmoja, na mtu huyo ni mwalimu."

Nikamwambia, "Mwambie ni joto."

"Nilimwambia. Akaniuliza, joto gani linalochagua saa za watu kulala?"

Haukupita muda mrefu, Ta Laurenti akaja mwenyewe. Amevaa koti lake la kanisani, mkononi ana kopo la mafuta ya kupikia lililofunikwa jani la mgomba. Akasalimia kwa heshima, akakaa, akaweka kopo mezani. Kopo likaruka kidogo.

"Nesi," akasema, "mke wangu hajaenda mwezini tangu wiki ile tulipochuma mibuni ya bondeni." Unaona? Hata sikumwuliza. "Nasikia huko kwenye hospitali kubwa wanamdunga chura mkojo wa mwanamke, na yule chura anasema kama ana mimba au hana. Ni kweli?"

Ilikuwa kweli, zamani walifanya hivyo, na mimi ndiye niliyeileta habari ile kijijini kwa kuwachekesha akina mama kliniki. Nikasema, "Ni kweli, lakini..."

Akafunua jani. Chura mnene wa mtoni akatutazama.

"Mkojo nitauleta. Mdunge."

Binti zangu, kucheka mbele ya mgonjwa ni kosa, na kumcheka mwanamume mwenye wivu ni hatari. Nilijibana mbavu zikauma. Nilimweleza kwamba mimi sijui kumsomesha chura, na kwamba mikono yangu imekwisha kunipa jibu: mkewe hana mimba.

"Mikono yako ni ya mwanamke mwenzake," akasema, akafunika kopo lake, akaondoka na chura.

Baada ya hapo alianza kulinda. Alimwaga majivu kwenye njia ya nyuma ya nyumba, asubuhi akaenda kuchungulia nyayo. Akakuta nyayo za mkewe tu, zinakwenda mpaka penye migomba, zinarudi. Mtu mwingine angefarijika. Yeye alimwambia jirani yake, "Mwizi mjuzi hakanyagi majivu." Ndivyo wivu ulivyo. Ukiuletea ushahidi unaupokea kwa mikono miwili, unaugeuza upande unaoutaka. Mwezi uliofuata Ma Koletha alirudi, nikamshika, tumbo ni lilelile. Ta Laurenti akasema mimba nyingine hujificha mgongoni.

Nami niwaambie jambo langu, maana mkija kuzeeka mtajua kwamba nesi naye ana moyo. Wakati ule mume wangu alikuwa Mwanza, kibarua wa bandarini. Alikuja mara chache, akala, akalala, akaondoka, wala hakuwahi kuniuliza nilikuwa wapi, na nani, wala kwa nini nimechelewa. Ningeweza kukosa siku zangu mwaka mzima asijue. Basi nilipomsikia Ma Koletha akisema, "Hapati usingizi kwa ajili yangu, anakaa macho akinisikiliza ninavyopumua," nilimwonea wivu. Naam, mimi na akili zangu, nilitamani na mimi nimwagiwe majivu. Nilikwenda nyumbani nikajiangalia kwenye kioo nikajiona mwanamke asiyelindwa na mtu. Niliendelea na ujinga ule mpaka siku niliyoona mkono wa Ma Koletha, nitafika hapo.

Siku zake zilirudi. Zilirudi ghafla, wakati wa kupalilia, nyingi kupita kiasi, akaletwa zahanati na binti yake akiwa amefunga kanga mbili. Ukiona hivyo, usijifanye hodari. Sikuwa na vifaa, na damu nyingi hivyo kwa mama wa umri ule inataka daktari ahakikishe hakuna ugonjwa ndani. Nikapanda naye lori la kijiji lililokuwa likipeleka kahawa mjini. Hospitali Bukoba walimchunguza, wakamlaza, damu ikapungua, daktari akasema hakuna uvimbe, hakuna mimba wala mabaki yake. Ni mwili unabadilika. Akapewa dawa ya kuongeza damu, tukarudi.

Ta Laurenti alitupokea barabarani.

"Mmekwenda kuitoa," akasema.

Mwanzoni hata sikuelewa. Kisha nikaelewa. Kwa hesabu yake, siku zilipokosekana, mkewe alikuwa na mimba ya mwalimu. Siku ziliporudi, ameitoa mimba ya mwalimu, na nesi ndiye aliyempeleka. Mkewe alijaribu kusema. Akamshika mkono akamburuta mpaka nyumbani, na kesho yake alfajiri nikamwona akipita mbele ya zahanati na furushi kichwani, amerudishwa kwao Maruku. Aliponisalimia, kanga iliteleza, nikaona mkono wake ulivyovimba, alama za vidole zimesimama kama zimechorwa. Palepale wivu wangu uliniisha. Tangu siku hiyo sijatamani tena kupendwa kwa namna ile.

Sasa jambo lilikuwa limegeuka kuwa la kijiji kizima. Ta Laurenti alinishitaki kwa mwenyekiti kwamba natoa mimba za wake za watu, na nikaambiwa nisihudumie kina mama mpaka jambo liishe. Mwalimu Faustini alitumiwa salamu kwamba akionekana njiani peke yake asilaumu mtu. Na darasa likavunjika. Wivu unaambukiza kama upele: mwanamume mmoja akijikuna, wenzake wote wanahisi kuwashwa. Jioni moja baada ya nyingine, mwanamume huyu alimkataza mkewe, kisha yule, mpaka mwalimu akawa anafundisha madawati.

Wazee wa ukoo wa Laurenti walipoitisha kikao, nami nikaitwa. Kabla ya siku hiyo nilikwenda Maruku kwa miguu na kwa lori. Siri ya mgonjwa ni yake, si yangu, hata kama ningefukuzwa kazi. Nilimkuta Ma Koletha kwa kaka yake, nikamwuliza, "Nikiulizwa, niseme nini?"

"Sema yote," akasema. "Nimechoka kuwa siri."

Kikao kilifanyika nyumbani kwa Ta Laurenti. Nyasi mpya zimetandikwa sakafuni, wanaume wamekaa wakizungusha kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na wanawake wako chumba cha nyuma wanasikiliza ukutani. Nikasimama. Nilipotamka tu "hedhi", wanaume wote wakaanza kusoma nyasi. Mzee mkuu wa ukoo akakohoa.

"Waitu, nesi wetu, hayo ni maneno ya wanawake. Tuambie tu: kulikuwa na mimba, hakukuwa na mimba?"

"Hakukuwa."

"Damu je?" akauliza Ta Laurenti. "Joto la usiku? Kutoka nje? Mwanamke mzima anasimama gizani anafanya nini?"

Nikafungua mdomo kueleza, mzee akainua mkono tena kunizuia. Ndipo sauti ikatoka chumba cha nyuma, nyembamba na kali.

"Mwacheni aseme, au niseme mimi."

Alikuwa Ma Paskazia, mama yake Laurenti, kikongwe ambaye nilidhani hasikii tena. Alitoka akijikongoja kwa fimbo, akakaa chini katikati yao. Hakuna aliyemzuia, wangemzuiaje?

"Laurenti," akasema, "wewe ulikuwa tayari kijana unaota ndevu nilipokoma. Damu ilipotea ikarudi, ikapotea ikarudi, kama mvua za mwisho. Usiku nilikuwa nawaka. Nikawa natoka. Baba yako naye alidhani nina mtu. Siku moja akanifuata na mkuki."

Mzee mkuu, ambaye alikuwa mdogo wake marehemu baba yake Laurenti, akaweka kibuyu chini.

"Akanikuta nimekumbatia mgomba," kikongwe akaendelea. "Mgomba una ubaridi, nyinyi wanaume hamjui? Maji yako ndani. Nimeuweka shavu, nimefumba macho. Akasimama na mkuki wake. Hakujua amchome nani. Kesho yake akaukata ule mgomba, eti umeoza. Haukuwa umeoza. Ulikuwa na mkungu wa wiki mbili."

Chumba cha nyuma kikapasuka kwa kicheko, na wanaume nao, mmoja baada ya mwingine, wakashindwa kujizuia. Ta Laurenti peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mama yake kama mtoto.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulikuja kwangu ukauliza? Ulikwenda kumwuliza chura."

Baada ya hapo wakaniruhusu kusema, nikasema yote, na safari hii waliniangalia usoni. Nilieleza joto, jasho, hasira, damu inayopotea na kurudi, na alichokiona daktari. Mzee mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna dawa ya mwanamke anayemtupia mtu mwiko. Nikamwambia dawa ni kukwepa.

Wazee wakamwamuru Ta Laurenti apeleke mbuzi na rubisi Maruku, akaombe radhi kwa wakwe. Mwenyekiti akanirudishia kazi yangu. Mngedhani mambo yameisha. Hayakuisha. Alipokwenda na wazee na mbuzi wake, Ma Koletha hakutoka ndani. Kaka yake alipokea mbuzi, akawashukuru, akawaambia dada yake hajisikii vizuri. Wakarudi bila yeye.

Mara ya pili Ta Laurenti alikwenda peke yake, kwa baiskeli, bila koti la kanisani. Haya nilisimuliwa na Ma Koletha mwenyewe. Alimkuta nyuma ya nyumba akimenya ndizi na wifi yake. Ta Laurenti akachuchumaa. Akaangalia maganda yanavyoanguka. Mwishowe akasema:

"Usiku wa jana ulitoka nje?"

"Nilitoka."

"Hata huku?"

"Hata huku."

Wifi yake akadakia, "Anatoka kila usiku, shemeji. Tumeshamzoea. Mbwa hata habweki."

Maruku hakukuwa na Mwalimu Faustini. Ma Koletha alisema aliona jambo likishuka usoni mwa mumewe pole pole, kama mtu anayeshusha mzigo ambao hakujua ameubeba. Akashika ule mkono uliokuwa umevimba, ambao sasa umepona, akaugeuza, akauangalia upande huu na huu. Hakusema nisamehe, wanaume wa wakati ule neno hilo liliwakwama. Alisema, "Mkono huu niliuharibu mimi."

"Uliuharibu."

"Utarudi?"

"Nitarudi darasani," akasema Ma Koletha. "Na nyumbani nitapita, kwa sababu ndiko njiani. Lakini kwanza kamwambie kila mwanamume uliyemjaza maneno."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Ta Laurenti alisimama nje ya kanisa. Kwa ile sauti yake ya kuimba akasema kwamba aliyoyasema juu ya mwalimu, na juu ya nesi, aliyasema bila kuona, na wake za watu warudi kusoma. Watu wengine walinung'unika kwamba mkewe amempa dawa. Lakini wanawake walirudi. Na kwenye dawati la mwisho, karibu na mlango, tukaanza kumwona Ta Laurenti mwenyewe. Wakorofi walisema amekwenda kumlinda mkewe, na mimi naamini ndivyo ilivyoanza. Ila huwezi kukaa unamlinda mtu anayesoma "kahawa ni mali" kila siku bila na wewe kuyajua yale maneno. Alikwenda kulinda, akatoka anasoma.

Basi nyinyi mnaovaa sare leo, kijiti chenu ni kizuri, nakisifu. Laiti ningekuwa nacho, chura yule angebaki mtoni kwake. Lakini kijiti kinajibu swali moja tu. Mama akikaa mbele yako akasema sikio linamuuma, mwulize usiku analalaje, na aliye kando yake analalaje. Mwulize kama ametoa habari hizi nyumbani, na zilipokewa vipi. Angalia mikono yake. Na kama mumewe yuko nje kwenye benchi, mwite, mweleze naye kwa maneno mepesi, asiende kutafuta maelezo yake mwenyewe.

Ma Koletha alikuja kunitembelea zahanati siku nyingi baadaye, akiwa amemaliza mwaka wake bila tone. Ameshiba, macho yametulia, mkononi ana gazeti zima, siyo la kufungia sukari. Nikampima presha, tukapiga soga, nikamwuliza kichinichini:

"Na Ta Laurenti? Wivu umemtoka?"

Akacheka, akatikisa kichwa.

"Ule hautoki, nesi. Amezaliwa nao. Lakini zamani alikuwa anajua. Siku hizi anauliza."